Ibn al-Nafis: Faqihi Aliyeuliza Moyo Unalishwa na Nini



Muhula uliopita, katika somo la historia ya elimu katika Uislamu, tulitakiwa kila mmoja achague mwanachuoni mmoja na kuandika kurasa kumi juu yake. Majina makubwa yaliisha haraka. Al-Ghazali alichukuliwa na watu watatu, Ibn Sina wawili, Ibn Khaldun akagombaniwa mpaka mwalimu akaingilia kati. Mimi nilichelewa kufika darasani siku hiyo, nikabakiwa na Ibn al-Nafis, mtu niliyemjua kwa jina tu kutokana na zile picha za kujivunia tunazotumiana kwenye simu, kwamba Waislamu ndio waliogundua hiki na kile. Nilinuna. Leo namshukuru Allah kwa kule kuchelewa, kwa sababu inayohusu kifua changu mwenyewe, nami nitaieleza huko mbele.

Jina lake kamili ni Alaa al-Din Abu al-Hasan Ali ibn Abi al-Hazm al-Qurashi. Alizaliwa pande za Dameski, katika nchi ya Shamu, mwanzoni mwa karne ya 7 Hijria, kiasi cha mwaka 1210 Miladia. Tiba alijifunza Dameski kwenye hospitali ya al-Nuri, iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Zangi katika karne iliyotangulia. Mwalimu wake mkubwa alikuwa al-Dakhwar, tabibu mashuhuri wa zama zile. Huyu alipofariki mwaka 1230 aliacha nyumba yake iwe waqfu, igeuzwe madrasa ya kufundishia tiba. Naomba msomaji aikumbuke nyumba hiyo, maana kuna nyingine inakuja.

Miongoni mwa wanafunzi wa al-Dakhwar alikuwamo pia Ibn Abi Usaybi'a, aliyekuja kuandika kitabu maarufu cha maisha ya matabibu, kina mamia ya majina. Cha ajabu, nakala nyingi za kitabu hicho hazimtaji Ibn al-Nafis hata kidogo. Watu wamesema mengi, kwamba labda walikuwa na husuda ya wanafunzi wa darasa moja. Mimi sitaki kuwasengenya marehemu. Ila yeyote aliyewahi kukaa kwenye kundi la kujisomea anajua mambo hayo huwa yanatokea.

Akiwa bado kijana alihamia Kairo, na huko ndiko alikoishi hadi mwisho wa umri wake. Alikunywa maji ya Nili, mto huu huu unaoanza safari yake hapa kwetu Jinja. Alifanya kazi ya tiba kwenye hospitali za mji ule, akapanda mpaka akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Lakini wakati huohuo alikuwa mwalimu wa fiqhi ya madhehebu ya Shafi, akifundisha kwenye madrasa ya al-Masruriyya. Aliandika sharhi ya Tanbih ya al-Shirazi, kitabu ambacho wanafunzi wa Kishafi walikihifadhi, na akaandika kitabu kifupi juu ya istilahi za hadithi. Al-Subki alipokusanya habari za mafaqihi wa Kishafi karne iliyofuata, alimweka humo. Yaani huyu hakuwa daktari mwenye ndevu tu. Alikuwa mtu wa fani zetu hasa, fani ambazo ndugu zetu wa kitivo cha tiba hutudhania kwamba hazimfikishi mtu popote nje ya msikiti.

Sasa nije kwenye moyo.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walikuwa wamefuata rai ya Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2 Miladia. Galen alifundisha kwamba damu iliyo katika chumba cha kulia cha moyo hupenya kwenda chumba cha kushoto kupitia vitundu vidogo visivyoonekana, vilivyomo kwenye ukuta wa kati. Ibn Sina naye, katika Qanun yake, aliifuata rai hiyo kwa sehemu kubwa. Na Ibn Sina katika tiba alikuwa kama Imamu, mtu hamkatai hivi hivi.

Mnamo mwaka 1242, akiwa na umri wa kama miaka 30, Ibn al-Nafis aliandika sharhi ya sehemu za Qanun zinazohusu maumbile ya viungo. Humo, katikati ya maelezo ya kawaida ya mwanafunzi anayemfafanua mwalimu wake, anasimama na kusema kwamba jambo hili si sahihi. Ukuta wa kati ni mnene, hauna matundu yanayoonekana wala yasiyoonekana. Damu haina njia pale. Basi ni lazima itoke chumba cha kulia, iende kwenye mapafu, ichanganyike na hewa humo, kisha irudi chumba cha kushoto. Akasema pia kwamba baina ya ile mishipa miwili ya mapafu pana vipenyo vidogo. Hakuwa na darubini ya kuviona. Kilichomwongoza ni hoja: kama damu imeingia upande huu na ikatokea upande ule, na ukutani hakuna mlango, basi mlango uko mapafuni.

Hilo la mapafu ndilo linalotajwa kila mahali. Lakini kwenye sharhi hiyohiyo mna jambo la pili ambalo halisemwi sana, na ndilo lililonifanya nikae kitandani usiku taa za hosteli zikiwa zimeshazimwa, ninasoma kwa mwanga wa simu. Ibn Sina alikuwa amesema kwamba moyo unapata chakula chake kutokana na damu iliyojaa ndani ya chumba chake cha kulia. Ukifikiri haraka haraka unaona ni kweli: moyo umejaa damu, utakosaje chakula? Ibn al-Nafis akakataa. Akasema chakula cha moyo kinatoka kwenye damu inayopita katika mishipa iliyotandaa ndani ya mwili wa moyo wenyewe. Pishi anapika sufuria zima, lakini yeye naye lazima apakuliwe sahani yake.

Hapa nieleze lile la kifua changu, kwa sababu bila hilo nisingeielewa sentensi hiyo.

Tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa nikicheza mpira baada ya Alasiri na kifua kinanibana. Nikitembea, hakuna kitu. Nikipanda ngazi, hakuna kitu. Lakini nikikimbia kwa nguvu dakika kumi hivi, kinaanza kubana kama mtu amenikalia, pumzi inakuwa fupi, nainama na kushika magoti, baada ya muda kinaachia. Sikumwambia mtu. Mchezaji wa pembeni akisema kifua kinamuuma anapewa nafasi ya kuchunga viatu. Nilipokuja kusema bwenini, mmoja akaniambia ni gesi ya maharage na posho. Mwingine akasema nisomewe ruqya, nikasomewa, na ruqya ni kheri wala siidharau. Nikaenda zahanati moja ya mjini, nikapewa vidonge vya vidonda vya tumbo kabla sijamaliza sentensi yangu ya pili. Hakuna aliyeniuliza kinaniuma wakati gani.

Nikavimeza wiki mbili. Uwanjani kifua kikaendelea kubana vilevile.

Baada ya usiku ule wa kusoma sharhi nilikwenda kwa daktari mwingine, na huyu akaanza na swali hilohilo la wakati gani. Akataka kujua kama maumivu yanakuja nikikimbia na kuondoka nikipumzika, au yanakuja hata nikiwa nimelala, au nikibonyeza mbavu kwa kidole. Akauliza kama nimewahi kuzimia nikiwa nakimbia, kama moyo huwa unaenda mbio bila mpangilio, kama nachoka haraka kuliko wenzangu. Akauliza kama utotoni niliugua sana koo na viungo kuvimba, kwa sababu katika nchi zetu hizi vijana wengi wana vali za moyo zilizoharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Kisha akauliza kama katika familia yetu kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Nikamwambia kuhusu mjomba wangu. Alianguka shambani akiwa na miaka 31, mzima wa afya, jembe mkononi. Sisi nyumbani tulisema ahadi yake imefika, tukamswalia, tukamzika, na habari ikaishia pale. Ahadi ilikuwa imefika kweli. Lakini daktari aliacha kuandika, akaniangalia, akasema nisiguse mpira tena mpaka nipimwe moyo.

Akanieleza kwa nini, akichora kwenye karatasi ya dawa. Moyo, akasema, haunywi damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Una mishipa yake midogo, inayotoka pale mwanzo kabisa wa mshipa mkuu na kuuzunguka kwa nje kama mizizi ya mti. Mtu akikimbia, misuli ya miguu inadai damu nyingi, moyo unapiga haraka, na wenyewe pia unataka chakula zaidi kuliko wakati wa kukaa. Kwa kijana mzima mishipa hiyo inatosheleza. Lakini wapo vijana wachache waliozaliwa na mshipa mmoja uliotokea mahali pasipo pake, ukabanwa wakati wa mbio, na wapo waliozaliwa na msuli wa moyo mnene kupita kiasi, hali ambayo hurithiwa ndani ya familia. Hao wakiwa wamekaa darasani hawana dalili yoyote. Uwanjani ndipo kifua kinasema, na wengine hawapati hata onyo hilo, wanaanguka tu. Akaongeza kwamba vijana wengi wanaobanwa kifua mazoezini moyo wao hauna kitu. Ni misuli ya mbavu, ni tindikali ya tumbo inayopanda, au ni njia za hewa zinazobana. Ila huwezi kujua wewe ni yupi kwa kukisia.

Nilikuwa namwangalia akichora ile mizizi na moyoni ninajiambia kwamba haya nimeyasoma siku tatu zilizopita, yameandikwa mwaka 1242 na mwalimu wa fiqhi.

Nilipimwa umeme wa moyo, kisha nikatumwa Kampala kupigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kwenye Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago. Siku ya picha ile nililala juu ya kitanda nikiuona moyo wangu kwenye kioo, vali zinafunguka na kufungwa, ukuta wa kati umesimama mnene, hauna tundu. Alhamdulillah, ulikuwa salama. Tatizo langu lilikuwa mapafuni: njia za hewa zinabana nikifanya mazoezi, aina ya pumu. Nikapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ninaivuta kabla ya mchezo, nimerudi pembeni ya uwanja.

Turudi Kairo.

Mtu atauliza, Ibn al-Nafis aliyajuaje haya ya moyo? Mwanzoni mwa sharhi hiyo anasema mwenyewe kwamba sharia na huruma yake vilimzuia kupasua maiti. Watafiti wamegawanyika. Wapo wanaomchukua kwa neno lake, na wapo wanaosema mtu asiyewahi kuona moyo uliofunguliwa hawezi kusema kwa uhakika namna ile kuhusu unene wa ukuta. Mimi, kwa uchache wa elimu yangu, naona yote mawili yanawezekana kwa pamoja: mioyo ya kondoo na ngamia haikuwa haramu kuifungua. Lakini hiyo ni rai yangu tu, mwalimu aliiwekea alama ya kuuliza.

Na tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa zama zake. Aliamini, kama Galen na Ibn Sina, kwamba chumba cha kushoto cha moyo ndicho kinachotengeneza ile roho ya uhai inayosambazwa mwilini, na kupita kwa damu mapafuni alikueleza kwa ajili hiyo. Mzunguko wa damu katika mwili mzima hakuujua. Huo ulielezwa na William Harvey, Mwingereza, mwaka 1628. Kuna ndugu zetu wanaosema Harvey aliiba. Hapa wenzangu wa kamati ya da'wah wataninunia, lakini mimi sijaona ushahidi wa wizi. Tunachojua ni kwamba Andrea Alpago, Mtaliano aliyeishi Dameski miaka mingi, alitafsiri kwa Kilatini baadhi ya maandishi ya Ibn al-Nafis, yakachapwa mwaka 1547, na kwamba mwaka 1553 Michael Servetus akaandika juu ya njia ya mapafu, na baada yake Realdo Colombo mwaka 1559. Miaka imekaribiana. Lakini kukaribiana kwa miaka si isnadi, na sisi tunaosoma hadithi ndio tunaopaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Waliomjua wamesimulia namna alivyoandika. Kalamu ziliandaliwa mapema, zimechongwa tayari. Yeye anageuza uso ukutani na kuanza kuandika kutoka kichwani, hafungui kitabu chochote, kama maji ya mafuriko. Kalamu ikiwa butu anaitupa na kuchukua nyingine, asipoteze muda wa kuichonga. Siku moja alikuwa hamamuni, amejipaka sabuni nusu. Akatoka hadi chumba cha kuvulia nguo, akaagiza wino, kalamu na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mishipa mpaka akaimaliza, ndipo akarudi kumalizia kuoga.

Kwa mtindo huo alianza kitabu kikubwa cha tiba, al-Shamil, alichokipangia juzuu 300. Aliwahi kukamilisha 80. Kitabu chake kilichosomwa zaidi hata hivyo kilikuwa kifupi, al-Mujaz, muhtasari wa Qanun, kwa sababu wanafunzi wa kila zama wanapenda muhtasari. Aliandika pia kisa cha mtu aitwaye Kamil, aliyekua peke yake kisiwani bila kuona binadamu, ambaye kwa kutumia akili anafikia kumjua Muumba na haja ya kuletwa Mtume. Nimekisoma kwa shida, Kiarabu chake si cha mwaka wa pili, lakini humo nako unamkuta akiuliza kila kitu kinatoka wapi na kinapitia wapi.

Zama zake hazikuwa za utulivu. Baghdad iliangushwa na Wamongoli mwaka 1258, na miaka miwili baadaye jeshi la Misri likawazuia Wamongoli Ayn Jalut. Baybars akawa Sultani, na inasimuliwa kwamba Ibn al-Nafis alikuwa tabibu wake. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alianza kujenga hospitali kubwa mjini Kairo, ikaitwa al-Mansuri. Ibn al-Nafis alikuwa tayari mzee.

Alifariki mwezi wa Disemba 1288, sawa na 687 Hijria, baada ya kuugua siku chache. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa ya maradhi yale. Akakataa, akisema hataki kukutana na Allah kukiwa na tone la mvinyo tumboni mwake. Nyumba yake na vitabu vyake vyote aliviachia hospitali ya al-Mansuri, waqfu kama wa mwalimu wake.

Kisha akasahauliwa, angalau lile la moyo. Al-Mujaz iliendelea kusomwa, lakini sharhi ya maumbile ikalala kwenye makabati. Mwaka 1924 daktari kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alikuwa anaandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Akaifungua nakala ya mkono ya sharhi ile katika maktaba ya Berlin na kukuta habari ya mapafu humo, miaka karibu 400 kabla ya Harvey. Walimu wake hawakuamini. Walipeleka nakala ya kazi yake Kairo kwa Max Meyerhof, daktari Mjerumani aliyekuwa bingwa wa historia ya tiba ya Waislamu, naye akathibitisha kwamba mwanafunzi alikuwa amesoma sawasawa. Tangu hapo ndipo jina la Ibn al-Nafis lilipoanza kuingia vitabuni, mpaka likafika kwenye zile picha za simu.

Kurasa zangu kumi zilifika kumi na nne, na nilizipeleka siku mbili baada ya muda, kwa sababu ya safari ya Mulago. Mwalimu alinikata alama tano. Daktari alikuwa ameniambia kwamba kwa ajili ya mjomba wetu, ndugu zangu wa tumbo moja nao wapimwe moyo hata kama mimi nimeonekana salama. Mdogo wangu wa kike anachezea timu ya netiboli ya shule yake na amewahi kusema kifua kinambana, tukamwambia apunguze kula chapati. Likizo hii nitakwenda naye mwenyewe, inshaallah.